Ukuta wa Mahomes: jinsi timu ya NFL inavyopima kikosi kabla ya kuchagua chipukizi

Tarehe 9 Februari 2025, Kansas City Chiefs waliingia uwanjani New Orleans kutafuta ubingwa wa tatu mfululizo wa Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Afrika Mashariki ilikuwa tayari Jumatatu, saa nane na nusu usiku, na waliojinyima usingizi hawakulipwa kitu cha maana. Hadi mapumziko Chiefs walikuwa nyuma 24-0. Mechi ikaisha 40-22, Philadelphia Eagles mabingwa. Patrick Mahomes, mchezaji ambaye kwa miaka saba alikuwa amewafanya mabeki wa Marekani waonekane wazembe, aliangushwa mara 6 akiwa bado ameshika mpira.

Eagles hawakufanya ujanja wowote kumfikia. Kocha wa ulinzi akitaka kumbana mchezeshaji wa timu pinzani, kwa kawaida hutuma mtu wa tano au wa sita kumkimbilia. Usiku ule Eagles hawakutuma mtu wa ziada hata mara moja. Wanne wao wa mbele walitosha kuwazidi Chiefs watano waliopangwa kumlinda Mahomes.

Kulipokucha kila shabiki alikuwa na dawa: Chiefs wachague walinzi. Sawa. Ila uongozi wa Chiefs ulikuwa unalijua pengo hilo tangu miaka minne nyuma, ulikuwa umelitolea mamilioni ya dola, na bado liliwafuata hadi fainali. Ukielewa ilivyokuwa hivyo, umeelewa karibu kila kitu kuhusu jinsi timu ya NFL inavyopima nguvu na mapungufu yake.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, tuanze na mtu mmoja anayeitwa kwotabeki. Ndiye mchezeshaji. Mpira unaanzia mikononi mwake karibu kila mara, na ana sekunde mbili tatu za kuamua aurushe wapi. Mbele yake wanasimama watu 5 wenye miili ya kutisha, ambao kwa kawaida hawapokei mpira wala kukimbia nao. Kazi yao ni kuzuia. Hawa ndio ukuta: katikati yuko senta, kila upande wake mlinzi wa ndani, na pembeni kabisa walinzi wawili wa nje. Anayeumiza vichwa vya mameneja ni mlinzi wa nje wa kushoto, kwa sababu kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia huwa amegeuzia upande huo mgongo. Akipitwa huyo, kipigo kinakuja bila kuonekana.

Sasa, mtu kama huyo anapatikanaje? Sisi tuliozoea usajili wa soka tungesema timu iingie sokoni, ilipe ada, imchukue. NFL haina utaratibu huo. Klabu hazinunuliani wachezaji kwa fedha taslimu. Mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kwenda anakotaka, na mwenye mkataba anaweza kubadilishwa na mchezaji mwingine au na haki ya kuchagua. Haki hiyo ya kuchagua ndiyo drafti. Kila Aprili timu zote 32 hukusanyika na kuchagua vijana kutoka vyuo vikuu kwa raundi 7. Mwaka 2025, mjini Green Bay, walichaguliwa 257. Timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza, na bingwa huchagua wa mwisho katika kila raundi. Kijana hana kauli: akichaguliwa na timu ya mji wa baridi asiyoipenda, ndiyo hiyo.

Wazo hilo lilitoka kwa Bert Bell, mmiliki wa Eagles hao hao, aliyechoka kuona vijana wote wazuri wakikimbilia klabu zenye fedha na majina. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia mwaka 1936. Eagles wakachagua namba moja, wakamtaja Jay Berwanger, nyota mkubwa wa vyuo wakati huo. Hakucheza NFL hata mechi moja. Tangu siku ya kwanza, basi, drafti imekuwa na tabia yake ya kumcheka anayedhani anajua.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo wengi hupotea njia. NFL ina ukomo wa mishahara. Kwa mwaka 2025 kila timu iliruhusiwa kutumia dola milioni 279.2 kwa wachezaji wake, tajiri na maskini sawasawa. Kikosi kina watu 53. Ukimpa mmoja zaidi, mwingine atapungukiwa. Mahomes peke yake alisaini mwaka 2020 mkataba wa miaka 10 unaoweza kufika dola milioni 503.

Chipukizi, kwa upande mwingine, wana bei iliyopangwa na makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji. Kabla ya hapo ilikuwa holela. Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2010, alipata mkataba wa dola milioni 78 kabla hajacheza hata dakika moja. Mwaka uliofuata, baada ya makubaliano mapya, Cam Newton naye alichaguliwa wa kwanza akapata milioni 22 kwa miaka 4. Tangu hapo chipukizi mzuri amekuwa mali adimu kuliko dhahabu: anakufanyia kazi ya mtu wa milioni 20 kwa mshahara wa milioni moja au mbili, na amefungwa kwako miaka 4. Waliochaguliwa raundi ya kwanza, timu inaweza kuwaongezea mwaka wa tano.

Hiyo ndiyo sababu meneja mwerevu haanzi na swali la nani hayupo. Anaanza na bei. Nafasi ipi ni ghali sokoni? Nani mkataba wake unaisha mwakani, nani mwaka kesho kutwa? Umri je, goti lake je? Pengo la timu lina tarehe na lina gharama, na mara nyingi mtu anayelijaza leo bado anacheza vizuri kabisa.

Turudi kwenye ukuta wa Chiefs. Mwaka 2012 timu ilishinda mechi 2 tu kati ya 16. Zawadi ya aibu hiyo ilikuwa chaguo namba 1 la mwaka 2013, na wakamchukua Eric Fisher, mlinzi wa nje. Akashika upande wa kushoto kwa miaka, hakuna aliyemwimba, hakuna aliyemlaumu sana. Januari 2021, katika mechi ya kufuzu fainali, kano ya kisigino ikakatika. Mlinzi wa nje wa kulia, Mitchell Schwartz, alikuwa nje tangu Oktoba kwa maumivu ya mgongo. Wakaenda Super Bowl na watu wa kuungaunga, wakalazwa 31-9 na Tampa Bay, Mahomes akikimbia huku na huko kuokoa roho yake.

Meneja mkuu wa Chiefs, Brett Veach, hakusubiri. Fisher na Schwartz wakaachwa. Joe Thuney, mlinzi wa ndani, akaletwa kwa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 80. Orlando Brown akatoka Baltimore kuziba kushoto, na Chiefs wakatoa chaguo lao la raundi ya kwanza. Kwenye drafti yenyewe wakampata senta Creed Humphrey kwa namba 63, na mlinzi wa ndani Trey Smith kwa namba 226, raundi ya sita. Smith alikuwa na kipaji cha raundi za juu, lakini akiwa chuoni aliwahi kupata damu kuganda kwenye mapafu, na timu nyingi zikaogopa ripoti ya daktari. Miaka minne baadaye alisaini mkataba wa dola milioni 94, akawa mlinzi wa ndani aliyelipwa kuliko wote wakati huo.

Huo ulikuwa ukarabati wa mfano. Kasoro yake ilikuwa moja: katikati ya ukuta walijenga kwa chipukizi, pembeni kushoto wakaishi kama wapangaji. Brown na klabu hawakuafikiana mkataba mrefu, akaenda Cincinnati mwaka 2023. Akaja Donovan Smith kwa mwaka mmoja, akaondoka. Mwaka 2024 kiti hicho kilikaliwa na kijana wa raundi ya pili, Kingsley Suamataia, akatolewa mapema msimu, akaja Wanya Morris, akasajiliwa D.J. Humphries, akaumia, mwishowe akahamishwa Thuney, mlinzi wa ndani, kwenda kusimama pembeni. Watu wanne msimu mmoja. Thuney alijitahidi sana, lakini kumbuka kwamba kumtoa ndani kulifungua pengo la pili pale alipotoka. Eagles waliliona, na wakapita hapo hapo.

Kwa nini hawakuchagua mlinzi wa nje mapema zaidi? Kwa sababu walikuwa mabingwa. Angalia drafti ya 2024: Joe Alt alikwenda namba 5, JC Latham 7, Olu Fashanu 11, Taliese Fuaga 14, Amarius Mims 18, Troy Fautanu 20. Wote walinzi wa nje, wote wameondoka kabla ya 21, na Chiefs wamekaa namba 32 wakisubiri makombo. Ukishinda kila mwaka unanyimwa kila mwaka. Kupanda juu kunawezekana, kwa kumlipa aliye mbele yako kwa machaguo yako mengine, lakini gharama si mchezo. Jedwali la alama lililotengenezwa enzi za kocha Jimmy Johnson kule Dallas, ambalo bado ndilo lugha ya mazungumzo hayo, linalipa chaguo la kwanza alama 3,000 na la 32 alama 590 tu.

Chiefs wamewahi kulipa gharama hiyo, tena kwa furaha. Mwaka 2017 walitoka namba 27 hadi 10 kwa kuwapa Buffalo chaguo hilo, chaguo la raundi ya tatu na chaguo la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata. Waliyemchukua ni Mahomes. Wakati huo walikuwa na kwotabeki, Alex Smith, na timu ilikuwa inashinda. Ukipima kwa kuangalia nani hayupo, hawakuhitaji kwotabeki. Green Bay nao walifanya hivyo hivyo mwaka 2005, walipomchukua Aaron Rodgers kwa namba 24 huku Brett Favre akiwa bado anacheza, wakarudia mwaka 2020 kwa Jordan Love huku Rodgers akiwa bado yupo. Mashabiki wengi hawakufurahi mara zote mbili.

Mfano mwingine wa kupima kwa bei ni Tyreek Hill. Machi 2022 alikuwa miongoni mwa wapokeaji mpira hatari zaidi duniani, na alitaka kulipwa hivyo. Chiefs wakampeleka Miami, ambako alipewa nyongeza ya dola milioni 120, wao wakapokea machaguo 5. Kwa kutumia sehemu ya machaguo hayo walipanda hadi namba 21 kumchukua beki Trent McDuffie. Drafti hiyo hiyo iliwapa George Karlaftis kwa namba 30, na katika raundi ya saba, ambako timu nyingi zinakuwa zimeshaanza kufunga mafaili, wakampata beki Jaylen Watson na mkimbiaji Isiah Pacheco. Wakabeba ubingwa Februari 2023 na tena Februari 2024, safu ya ulinzi ikiwa imejaa vijana wa bei nafuu. Lakini usidhani kila kete iliingia. Skyy Moore, mpokeaji aliyechaguliwa namba 54 ili kusaidia kuziba nafasi ya Hill, hakuwahi kuwa tishio, na mwaka 2025 akapelekwa San Francisco. Chipukizi mmoja kati ya wawili akifanikiwa, meneja analala usingizi.

Sasa chukua karatasi ya kikosi cha Chiefs cha Machi 2025, mwezi mmoja baada ya kipigo, uisome kama wanavyoisoma wao. Mahomes, miaka 29, mkataba hadi 2031: pita. Humphrey amesaini mwaka uliopita: pita. Chris Jones, nguzo ya ulinzi, ana mkataba mnono lakini ana miaka 30, na wanaume wa umbo lake huisha ghafla: weka alama. Travis Kelce, mpokeaji, 35, mwaka wa mwisho wa mkataba: weka alama mbili. Nick Bolton wa safu ya ulinzi mkataba umeisha. Wakamrudisha kwa milioni 45 za miaka 3. Trey Smith naye umeisha. Wakatumia haki ya kumzuia kwa mwaka mmoja, dola milioni 23.4. McDuffie na Karlaftis wanaingia mwaka wa nne, maana yake bei ya chipukizi inaelekea mwisho, na bili inakuja.

Thuney? Miaka 32, mwaka mmoja umebaki, mshahara mkubwa. Wakampeleka Chicago kwa chaguo la raundi ya nne la 2026. Wengi walishangaa: timu iliyotoka kuangamizwa kwa ajili ya ukuta inauza mlinzi wake bora? Hesabu haikuweza kuwabeba Thuney na Smith kwa pamoja, na Smith alikuwa mdogo kwa zaidi ya miaka sita. Suamataia, yule aliyeshindwa pembeni, akaingizwa ndani kuchukua nafasi ya Thuney, na kule alionekana mtu mwingine. Chaguo la raundi ya pili lililoonekana limepotea likapata kazi.

Kushoto nje wakafanya mambo mawili. Kwanza, kabla ya drafti, walimsajili Jaylon Moore kwa miaka 2, dola milioni 30. Hiyo ilikuwa bima. Timu inayoingia drafti na kiti kitupu hulazimika kuchukua yeyote atakayekuwepo, na kila mmoja chumbani anajua. Mwenye bima anaweza kusubiri. Pili, siku yenyewe, wakiwa namba 31, walikubali kushuka nafasi moja. Aliyetaka kupanda alikuwa nani? Eagles, waliowafunga fainali, waliotaka kumwahi chipukizi Jihaad Campbell. Wakatoa namba 164 kwa kubadilishana nafasi moja tu. Kwa jedwali la Johnson tofauti ya 31 na 32 ni alama 10, kwa hiyo Chiefs walipata faida ya bure, kisha wakamchukua waliyemtaka: Josh Simmons wa Ohio State, mlinzi wa nje wa kushoto.

Namba 32 kwa mlinzi wa kiwango chake kulikuwa na sababu. Oktoba 2024 Simmons alikata kano ya goti. Bila jeraha hilo asingefika huko chini, na hapo ndipo bingwa anapopata mwanya: anayechagua mwisho hupata kipaji cha juu pale tu kipaji hicho kinapokuwa na kasoro inayowatisha wengine. Trey Smith na damu yake, Simmons na goti lake. Mchagua nazi hupata koroma, na Chiefs wamejifunza kutokuwa wachaguzi kupita kiasi linapokuja suala la daktari.

Kasoro ya namna nyingine ni kutokuujua mchezo wenyewe. Jordan Mailata, anayelinda kushoto kwa Eagles, ni Mwaustralia aliyetoka raga na hakuwahi kucheza mpira huu alipochaguliwa namba 233 mwaka 2018. Miaka mitano kabla yake Daniel Adongo, Mkenya wa raga, aliingia Indianapolis Colts bila kupitia drafti kabisa, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ila hakudumu. Mailata alidumu kwa sababu aliangukia kwa kocha wa ukuta mwenye subira, Jeff Stoutland, na timu iliyokuwa na walinzi wengine wazuri ili yeye ajifunze. Kipaji kile kile kwenye kikosi chenye njaa kingetupwa uwanjani mwezi wa kwanza na kusahaulika.

Ukiangalia Chicago utaona upande wa pili wa mkataba wa Thuney. Mwaka 2024 kwotabeki wao kijana, Caleb Williams, aliangushwa mara 68. Kila orodha ya mashabiki ilisema drafti ya 2025 wachague ukuta kwa namba 10. Wao wakamchukua Thuney, wakamleta mlinzi wa ndani Jonah Jackson, wakamsajili senta Drew Dalman, yote kabla ya Aprili. Ilipofika namba 10 wakamchagua Colston Loveland, mpokeaji. Pengo lao kubwa kuliko yote lilikuwa limeshajazwa, na wakawa huru kuchagua kipaji. Thuney huyo huyo mwenye miaka 32 aliyekuwa mzigo kwa timu yenye Mahomes wa milioni 500 alikuwa nafuu kwa timu ambayo kwotabeki wake analipwa kama chipukizi.

Kwangu mimi, Chiefs waliusoma ukuta vizuri mwaka 2025 na wakasoma vibaya mambo mengine mawili. Pacheco alivunjika mguu Septemba 2024 na hakurudi akiwa yule yule. Drafti ya 2025 ilikuwa na wakimbiaji wengi wazuri, na wao wakasubiri hadi namba 228 kumchukua mmoja. Vilevile Kelce wa miaka 35 hakuandaliwa mrithi wa maana. Xavier Worthy, waliyempandia hadi namba 28 mwaka 2024 baada ya kukimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21, rekodi ya majaribio yale, ana kasi ya kutisha, lakini kasi si kitu unachoweza kukiegemea inapobaki yadi moja na kila mtu uwanjani anajua unataka kukimbia na mpira.

Msimu wa 2025 uliwatoza kwa hayo. Mechi za tofauti ndogo walizozoea kushinda wakaanza kuzipoteza, Desemba Mahomes akakata kano ya goti, na Chiefs wakamaliza na ushindi 6, nje ya mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2014. Msimu mbovu namna hiyo una malipo yake. Kwa mara ya kwanza tangu walipomchukua Fisher, Chiefs walipata kiti cha mbele kwenye drafti bila kukilipia, mahali ambapo akina Joe Alt huwa bado hawajaondoka.